Mazembe gani ilikuwa kubwa kuliko zote: ya 1967 ao ya 2010?

Mwezi wa ine 2024, TP Mazembe ilitoka 0-0 na Al Ahly ku Lubumbashi, kisha ikafungwa 3-0 ku Cairo na kuishia hapo, kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kocha alikuwa Lamine N'Diaye, Musenegali yule yule aliyebeba kombe hilo mwaka 2010. Ndiyo maana bishano la zamani limepata moto mupya kwa wapenzi wa Kunguru, kuanzia Kamalondo mupaka Kalemie na Bukavu: kati ya ekipe zote zilizovaa nyeusi na nyeupe, ipi ilikuwa kubwa?

Vijana hawasumbuki kutafuta jibu. Kwao ni 2010, na hoja zao ni nzito. Mwaka ule Mazembe ilimupoteza Trésor Mputu, mchezaji wake bora, aliyefungiwa na FIFA mwaka muzima kufuatia vurugu za mechi ya Kigali. Wengi walisema mambo yamekwisha. Fainali ikafika, Espérance ya Tunis ikapigwa 5-0 ku Lubumbashi, halafu 1-1 kwao.

Mwezi wa kumi na mbili wakaenda Abu Dhabi kwa Kombe la Dunia la klabu. Mwaka uliotangulia walikuwa wameaibika huko: walifungwa na Pohang ya Korea Kusini, wakafungwa tena na Auckland City ya New Zealand. Safari hii Bedi Mbenza akawafunga Pachuca ya Mexico, 1-0. Halafu Internacional ya Brazil, mabingwa wa Amerika ya Kusini, wakapigwa 2-0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka. Robert Kidiaba akakaa chini na kurukaruka kwa matako uwanjani, dunia nzima ikacheka pamoja naye. Hakuna ekipe ya inje ya Ulaya na Amerika ya Kusini iliyokuwa imefika fainali hiyo mbele yao. Inter ya Milan iliwafunga 3-0, ni kweli, lakini nani alilia siku ile?

Wazee wanasikiliza yote hayo, wanatikisa kichwa, kisha wanauliza swali moja: fainali ngapi mfululizo?

Ine. Kutoka 1967 mupaka 1970 ekipe hii, iliyoitwa bado Englebert, jina la kampuni ya mipira ya magari, ilicheza kila fainali ya Kombe la Afrika la mabingwa. Ilishinda mbili za kwanza. Kutetea kombe hilo na kulihifadhi, hakuna aliyeweza tena mupaka Enyimba ya Nigeria mwaka 2004.

Na tuangalie ni wakati gani. Utengano wa Katanga ulikuwa umemalizika mwaka 1963 tu, na vidonda vilikuwa vibichi. Mwaka 1967 wenyewe, mamluki wa Jean Schramme, pamoja na askari Wakatanga, walikamata Bukavu mwezi wa munane, wakaishikilia mupaka mwanzo wa mwezi wa kumi na moja walipovuka kuingia Rwanda. Watu wa Bukavu walikuwa bado wanahesabu nyumba zilizobomoka wakati, tarehe 26 ya mwezi ule ule, ekipe ya Lubumbashi ilipocheza fainali ku Kinshasa kwa jina la Kongo nzima. Katika inchi iliyokuwa inamuangalia Mukatanga kwa jicho la pembeni, ile haikuwa mechi ya kawaida. Ukumbuke tena kwamba fainali zote ine za miaka ile, mechi za nyumbani zilichezwa Kinshasa. Ekipe za 2009, 2010 na 2015 zilicheza mechi zao za nyumbani za fainali zikiwa na watu wao nyuma yao, ku Lubumbashi.

Lakini wazee nao hawapendi kusema yote. Kombe la 1967 halikupatikana kwa goli. Mazembe na Asante Kotoko ya Ghana walitoka 1-1, kisha 2-2. Mechi ya tatu ikapangwa Kameruni, Kotoko hawakutokea, Mazembe wakapewa kombe. Mwaka 1968 hakuna wa kubisha: Étoile Filante ya Lomé ilipigwa 5-0, hata kufungwa 4-1 kule Togo hakukubadilisha kitu. Fainali mbili zilizofuata zilipotea, ya 1969 kwa Ismaily ya Misri, ya 1970 kwa Kotoko hao hao, waliokuja kushinda 2-1 mbele ya watu wa Kinshasa.

Kuna pia wanaotaja 2015, ekipe ya Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu kutoka Tanzania, Rainford Kalaba wa Zambia, Roger Assalé wa Côte d'Ivoire. USM Alger ilifungwa nyumbani na ugenini. Kwenye karatasi huenda ndiyo iliyokuwa na wachezaji wengi wazuri kuliko zote. Ila ku Japani, Sanfrecce Hiroshima iliwapiga 3-0, na kisha Club América ikawafunga. Mwezi mumoja tu nyuma yake Samatta akaenda Genk, Ubelgiji. Ilipita haraka.

Hapa ndipo bishano linagusa mambo ya leo. Ekipe za 2010 na 2015 zilisimama juu ya mufuko wa Moïse Katumbi, anayeongoza klabu tangu 1997. Bila pesa ile, Samatta asingefika Lubumbashi. Majina yanayokumbukwa ya 1967 na 1968 ni ya watoto wa inchi: kipa Robert Kazadi, Pierre Kalala aliyefunga goli la Kongo kwenye fainali ya Kombe la Afrika la mataifa mwaka 1968, na kijana Bwanga Tshimen, aliyekuja kuchaguliwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973. Anayesema 2010 ndiyo kipimo anasema pia, hata kama hakusudii, kwamba Mazembe ingojee tena mwenye mufuko. Anayesema 1968 anaiambia klabu itafute kwanza ndani ya komini za Katuba, Kenya na Kamalondo.

Kwa usiku mumoja, ule wa Internacional, 2010 haina mpinzani. Lakini ekipe haipimwi kwa usiku mumoja. Miaka ine juu ya Afrika, mbali na uwanja wake, inchi ikiwa bado inatoka damu: kombe la mezani la 1967 halifuti hayo. Wazee wana haki.

Taabu yao ni kwamba hawana picha za kuonyesha. Kidiaba yuko ndani ya kila simu. Ukimutafuta Kazadi, utamukuta Ujerumani mwaka 1974, dakika ya 21, akitolewa uwanjani Yugoslavia ikiwa mbele 3-0.