Kompyuta Kuukuu na Tamaa ya Mwendo

Na itwaliwe mfano wa nyumba moja ya askari polisi katika mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi, si mbali na mpaka wa Goma. Baba ni sajenti. Mshahara wake walipa kodi ya nyumba na karo ya watoto. Mama ana duka dogo la kuchapa barua na kutoa nakala. Tangu huduma za Irembo zilipoanza mwaka 2015, wananchi wasio na kompyuta huja katika maduka ya namna hiyo ili waombewe vyeti kwa njia ya intaneti. Chombo cha kazi ni kompyuta moja ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Nayo sasa imezeeka. Ukurasa wachelewa kufunguka, foleni yarefuka, na mteja asiye na subira huenda duka la jirani.

Kijana wao wa kwanza, mwanafunzi wa shule ya ufundi, alikuja siku moja na furaha.

"Mama, mwendo wa mashine hii waweza kuongezwa bila kununua kitu. Ni kubadili namba moja tu."

"Mwanangu," mama akamjibu, "mashine hiyo ndiyo inayotulisha. Nieleze kwanza, hiyo namba ni namba gani?"

Swali hilo lastahili kuulizwa katika kila nyumba kabla ya mtu kugusa kitu.

Prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, huenda kwa mapigo, kama kikosi kinachopiga gwaride kwa kufuata ngoma. Ngoma yenyewe imo katika ubao mkuu. Kila ngoma inapolia mara moja, prosesa hupiga hatua kadhaa, na idadi ya hatua hizo ndiyo iitwayo kizidishi. Prosesa iliyomo katika mashine ya mama huyo ni Phenom II X4 955 Black Edition, ambayo kampuni ya AMD ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 2009. Ngoma yake hulia mara milioni 200 kwa sekunde, yaani megahezi 200, na kizidishi chake ni 16. Mia mbili mara 16 ni megahezi 3,200, au gigahezi 3.2. Kizidishi kikiwa 17, mwendo huwa gigahezi 3.4, kikiwa 18, huwa 3.6.

Si kila prosesa inayokubali jambo hilo. Katika miaka ya 1990 walikuwako wafanyabiashara wadanganyifu waliofuta maandishi juu ya prosesa za bei ndogo, wakaandika mwendo mkubwa zaidi na kuziuza kwa bei ya juu. Watengenezaji wakaanza kuvifunga vizidishi. Prosesa ya Intel iitwayo Celeron 300A, ya mwaka 1998, ilifungwa katika 4.5, wenye kuitaka iende mbio walilazimika kuiharakisha ngoma yenyewe kutoka megahezi 66 hadi 100, ikapanda kutoka 300 hadi 450. Lakini ngoma huchezwa na wengi: ikiharakishwa, kumbukumbu na sehemu nyingine nazo huenda zikaharakishwa. Kizidishi humgusa prosesa peke yake. Ndiyo sababu prosesa ambazo kizidishi chake kimeachwa wazi, kama hizo za Black Edition, zilipendwa sana.

Basi kijana alikuwa amesema kweli. Lakini ukweli wake ulikuwa nusu. Kazi iliyokuwa ikichukua dakika 40 kwa kizidishi cha 16, ikiwa yote ni kazi ya hesabu, itachukua kama dakika 35 na nusu kwa kizidishi cha 18. Na kazi ya dukani si hesabu tupu. Aghalabu prosesa hukaa ikingoja diski isome, au intaneti ilete ukurasa. Askari aliye mbio hafiki mapema akikuta daraja limefungwa.

Sajenti aliamua kwamba ukaguzi utangulie. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, duka likiwa bado limefungwa, nakala za kazi zote za wateja ziliwekwa kando, waya wa umeme ukachomolewa, na sanduku likafunguliwa. Ndani mlikuwa na vumbi jeusi la udongo wa volkeno, limejaa katika feni na katika mapezi ya chuma ya kupozea. Krimu ya kupitishia joto baina ya prosesa na chuma hicho ilikuwa imekauka kama ugoro.

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika mji kama Gisenyi. Upepo wa Ziwa Kivu ni wa baridi, na hiyo ni neema. Lakini mji uko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ile ya pwani kwa karibu sehemu moja ya saba. Feni ile ile hubeba joto pungufu. Kwa prosesa hii mtengenezaji aliweka kikomo cha nyuzi 62 za sentigredi, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo.

Vumbi liliondolewa kwa brashi laini, krimu mpya ikapakwa kwa kiasi cha punje ya mchele, na kipande kimoja cha kumbukumbu kilichotumika kikaongezwa. Mama alipoiwasha mashine, tofauti aliiona kabla ya namba yoyote kuguswa.

Ndipo kijana akapewa ruhusa. Aliingia katika bayosi, mahali pa kuweka masharti ya mashine kabla haijaanza kazi, akapandisha kizidishi hadi 16.5. Mashine ilipewa kazi nzito kwa saa nzima, huku joto likisomwa. Kisha 17, saa nyingine. Yote yalikuwa salama. Kwa 18, kioo kiliganda katikati ya kazi, na faili la majaribio halikufunguka tena.

"Na kama ingekuwa barua ya mtu ya kuomba kazi?" mama akauliza.

Kijana akataka kuongeza volti, kwani prosesa iendayo mbio huhitaji nguvu zaidi. Baba akamwambia afanye hesabu kwanza kwenye karatasi. Joto hukua kwa kadiri ya mwendo, na kwa kadiri ya volti ikizidishwa kwa yenyewe. Kutoka volti 1.35 hadi 1.45, pamoja na kizidishi cha 18, joto huongezeka kwa karibu asilimia 30, ilhali mwendo huongezeka kwa asilimia 12 na nusu tu. Kijana aliitazama karatasi yake, akarudisha namba hadi 17.

Mwenye kutaka kufuata njia hiyo, basi, hana budi kuhifadhi kazi zake mahali pengine, kusafisha kwanza, kupanda nusu hatua kwa nusu hatua, na kuacha volti kama ilivyowekwa. Mashine ikikataa kuwaka, huchomolewa umeme, ile betri ndogo iliyo kama sarafu huondolewa katika ubao mkuu kwa dakika chache, na masharti ya kiwandani hurudi.

Jumatatu asubuhi duka lilifunguliwa kama kawaida. Foleni ilikwenda upesi, na mama alijua kwamba sehemu kubwa ya upesi huo ilitoka katika brashi.