Kamba Katikati ya Ukumbi

Nasema waziwazi tangu mwanzo, ili msomaji asije akanitafuta baadaye: mtu aliye safarini, jioni ikamkuta katika mji wa watu naye ana hamu ya dansi, anunue tiketi ya kawaida. Viti vya VIP, meza za VIP na hizo zinazoitwa pakeji, awaachie wanaoziuza. Najua wako watakaosema kuwa haya ni maneno ya mzee bahili wa Singida. Ubahili sikatai, katika nchi yenye mvua chache kama yetu, mtu asiyebana matumizi huaibika kabla ya mavuno. Lakini hoja yangu haiishii kwenye bei.

Nianze na Singida, kwa kuwa ndipo ninapoishi na ndipo nilipoliona jambo hili kwa macho yangu. Mji wetu ni mji wa wapita njia. Barabara inayotoka Dodoma inafika hapa kisha inagawanyika: moja inakwenda Nzega na kuendelea hadi Mwanza na mpaka wa Rwanda, nyingine inakwenda Babati na Arusha. Katika miaka ya 1990 Serikali ilipiga marufuku mabasi kutembea usiku kucha, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 2023. Kwa miaka yote hiyo abiria wa Kanda ya Ziwa walilala njiani, na Singida ilikuwa moja ya miji iliyowalaza. Waongeze hapo madereva wa malori, wanunuzi wa alizeti na vitunguu, watumishi waliokuja semina, na mashabiki waliofuata timu zao Uwanja wa Liti. Mgeni wa namna hii akishaoga na kula kuku wake wa kienyeji, swali lake linajulikana: "Hapa burudani iko wapi?"

Zamani jibu lilikuwa fupi. Unaonyeshwa ukumbi, unalipa mlangoni, unaingia. Siku hizi mgeni anakutana kwanza na bango. Mwaka juzi nilisimama mbele ya bango la ukumbi mmoja hapa mjini, siku ilipokuja bendi kutoka Dar es Salaam. Liliandikwa hivi: Kawaida 10,000. VIP 30,000. Meza ya watu 10 pamoja na vinywaji na nyama choma, 500,000. Nikatoa noti yangu ya elfu kumi. Kijana wa mlangoni akanitazama kwa huruma.

"Shikamoo mzee. Mtu mzima kama wewe ungekaa VIP, baba. Huku kawaida kuna vurugu."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo vurugu ndiyo iliyonitoa nyumbani."

Nilichokiona ndani ndicho kinachonifanya niandike. Meza zilipangwa mbele kabisa, chini ya jukwaa, zikazungushiwa kamba. Nusu yake zilikuwa tupu. Waliokaa kwenye zile nyingine walikuwa wakitazama simu zao, wahudumu wakiwamiminia. Wachezaji, yaani wale waliokuja kucheza, walirundikwa nyuma, hatua kama ishirini kutoka kwa mwimbaji. Kwa hiyo mwimbaji aliimbia vitambaa vya meza. Gitaa la solo lilipoanza kuchemka, mahali ambapo watu walipaswa kumjibu mpigaji kwa miguu, kilichomjibu kilikuwa sauti ya vizibo vya chupa. Saa saba za usiku yule mwimbaji akachoka. Akashuka jukwaani na kipaza sauti chake, akaivuka kamba, akaja kwetu sisi wa elfu kumi. Hapo ndipo dansi lilipoanza.

Msomaji, jiulize: wale wa meza walinunua nini? Walinunua umbali. Walilipa mara tano ya nilicholipa mimi ili wasiguswe na kile walichokijia. Dansi halifanani na mpira, ambao mtu anaweza kuutazama kutoka kwenye kiti kizuri akauona hata vizuri zaidi. Uwanja wa Benjamin Mkapa una majukwaa yake ya VIP na ya mzunguko, na sina ugomvi nayo, kwa sababu anayekaa mzunguko na anayekaa VIP wote ni watazamaji. Mchezo uko uwanjani. Katika dansi mchezo uko kwa waliolipa kiingilio. Bendi inapiga nusu, nusu iliyobaki inapigwa na sakafu. Ukimwondoa mchezaji ukamweka kitini, umepunguza muziki wenyewe.

Yuko atakayesema: "Mzee, hilo ni suala la ladha. Kila mtu na pesa yake." Haya, tuzungumze pesa.

Katika muziki wa dansi nchini mwetu yako mapatano ya siku nyingi kati ya bendi na mwenye ukumbi: cha mlangoni ni cha bendi, cha kaunta ni cha mwenye baa. Mapatano hutofautiana hapa na pale, lakini msingi ndio huo. Sasa chukua ile meza ya laki tano. Ndani yake viingilio vya kawaida vya watu kumi ni laki moja tu. Laki nne zilizobaki ni bia na nyama, nazo njia yake ni ya kaunta. Kisha tazama nafasi. Pale palipowekwa meza moja na viti kumi, na njia ya mhudumu kuizunguka, wangesimama wachezaji thelathini bila kukanyagana. Thelathini mara elfu kumi ni laki tatu, tena laki tatu za mlangoni. Kwa hiyo kila meza inayowekwa mbele ya jukwaa inamwongezea mwenye kaunta na kumpunguzia mpiga gitaa. Mgeni aliyeinunua hudhani ameiunga mkono bendi kuliko sisi wengine. Kumbe ameuunga mkono zaidi mtambo wa bia.

Jambo hili halikuwa na uzito mkubwa wakati wanamuziki wetu walipokuwa na mishahara. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa. Vijana Jazz ilikuwa chini ya jumuiya ya vijana ya chama tawala, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, nayo ilianzishwa na shirika. Mlango ukiwa mbaya usiku mmoja, mshahara ulikuwepo. Nyakati hizo zimekwisha. Bendi ya leo inayokodi basi dogo kuja Singida inautegemea mlango kulipa mafuta, chakula, malazi na posho ya watu kumi na watano au zaidi. Mlango ukikauka, mwaka unaofuata hawaji. Tukishaachiwa spika na sahani za santuri peke yake, tusiulize bendi zimekwenda wapi.

Na liko la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa. Ukumbi wa dansi ulikuwa miongoni mwa mahali pachache katika miji yetu ambapo cheo kilivuliwa mlangoni kama kofia. Karani, fundi baiskeli, mama lishe, mwalimu na mwenye duka walilipa kiingilio kimoja wakaingia katika jasho moja. Tazama desturi ya kutuza. Wimbo ukimgusa mtu, hata awe nani, aliinuka, akacheza taratibu hadi mbele, akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso lililolowa, akarudi akicheza. Haikuwa lazima noti iwe kubwa. Ilikuwa njia ya mtu wa kawaida kusema mbele za watu, "Umesema kweli." Ukiweka kamba mbele ya jukwaa, njia hiyo umeifunga. Anayetuza atakuwa aliyeketi mbele, na aliyeketi mbele ndiye aliyelipa. Matokeo yake tunayasikia: nyimbo zinajaa majina ya wenye meza, mwimbaji anakuwa mpiga debe, na yule mama lishe aliyeguswa na wimbo anabaki nyuma amekunja noti yake mkononi.

Tena hata ngoma zetu za vijijini hazikuwa hivyo. Baada ya mavuno, aliyekaribia ngoma ni aliyejua kucheza. Wazee walipewa viti kwa heshima ya umri, wala kiti hicho hakikuwa na bei. Kiti cha heshima kinatolewa; kikishauzwa ni bidhaa kama sabuni.

Nisidhaniwe kuwa nalia na Singida tu. Mpwa wangu wa kike alikwenda Japani kwa masomo, na siku moja akaniandikia kwa simu: "Mjomba, wenzangu wanataka twende klabu Tokyo. Kuna tiketi ya kawaida na kuna meza ya VIP yenye chupa. Tuchague ipi?" Alinieleza kuwa kule tiketi ya kawaida mara nyingi huja na kipande cha kinywaji kimoja, kwamba mlangoni wanataka kitambulisho cha kuonyesha umefikisha miaka 20, na kwamba koti na mkoba unaviweka kwenye kabati dogo la kulipia. Wanawake, akasema, mara nyingi hulipa pungufu au huingia bure. Nikamwambia achukue ya kawaida. Na hilo la kuingia bure nikamwomba alitafakari: anayeingizwa bure penye wanunuzi wengi ajiulize kama yeye ni mgeni au ni sehemu ya kinachouzwa.

Japani yenyewe ina historia ya kutufundisha. Sheria ya mwaka 1948 ya kusimamia biashara za starehe ilizuia watu kucheza dansi kwenye klabu baada ya saa sita za usiku, mahali pengine saa saba. Wapenda muziki na wanamuziki walikusanya saini, wakabishana na wakubwa, hadi Bunge likaibadilisha sheria hiyo mwaka 2015, na kuanzia Juni 2016 klabu zenye leseni zikaruhusiwa, mradi mwanga usishuke chini ya kiwango kilichowekwa. Watu wale walidai ruhusa ya kucheza. Sijasikia kuwa yupo aliyetia saini kudai meza.

Nilimwambia pia asimfuate mtu anayemvuta barabarani akimwahidi bei nzuri. Mitaa ya Roppongi na Kabukicho inajulikana kwa wapiga debe wa aina hiyo. Balozi za nchi kadhaa zimewaonya raia wake kuhusu baa zinazowaletea wageni hesabu za kutisha, hata vinywaji vilivyotiwa dawa. Sisi tuliokulia karibu na stendi tunamjua mpiga debe. Akikushika mkono, ujue gari lake halina abiria.

Sasa nijibu pingamizi mbili ambazo sizidharau. Ya kwanza ni usalama. Dada anayesafiri peke yake anasema kwamba ndani ya kamba hasumbuliwi. Hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo inayonikasirisha zaidi. Kutosumbuliwa ni haki ya kila aliyelipa mlangoni. Mwenye ukumbi anayeweka walinzi upande wa VIP na kuwaacha wasichana wa upande wa kawaida wajitetee, amechukua wajibu wake akautia bei. Tukiendelea kuinunua haki hiyo, hatakuwa na sababu ya kuitoa.

Ya pili ni mwili. Wako wenye miguu mibovu, wako wazee, nami magoti yangu yananikumbusha umri. Basi viti viwepo, kando ya ukuta, kwa yeyote anayevihitaji. Ukumbi mzuri daima ulikuwa na viti pembeni na sakafu tupu katikati. Kosa ni kuligeuza hilo: sakafu pembeni, viti katikati.

Na kama baada ya haya yote kundi lako limeng'ang'ania meza, basi angalau uliza kabla ya kulipa. Je, kiingilio kimo ndani ya bei au ni mbali? Ni vinywaji gani, vingapi, na kwenye kaunta vinauzwaje kimoja kimoja? Kuna nyongeza ya huduma itakayotokea mwishoni? Na bendi, au DJ, anapata nini katika fedha hiyo? Kama anayekuuzia hana jibu la swali la mwisho, umeshajua unamlipa nani.

Mimi nitaendelea kulipa elfu kumi yangu nikasimame na wenzangu. Wewe mgeni utakayeshuka stendi ya Misuna jioni, ukasikia magitaa mjini, nakusihi ufanye vivyo hivyo. Lipa mlangoni, weka noti ndogo mfukoni kwa ajili ya kutuza, uingie hadi katikati. Ukikuta kamba, mwulize mwenye ukumbi kwa adabu, tena kwa sauti ya kusikika, imewekwa kumzuia nani. Wakiuliza watu kumi kwa usiku mmoja, kesho yake ataifungua.