Kifafa baada ya kiharusi: Mbona hatuambiwi mapema?

MJOMBA wangu alipigwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka 61. Upande wa kulia ulipooza, ulimi ukawa mzito, akalazwa siku 16. Alirejea nyumbani akitembelea mkongojo, nasi tukashukuru. Hospitalini tulipewa dawa za shinikizo la damu, tukaonywa kuhusu chumvi na sigara, tukaagizwa tumnyooshe mkono kila asubuhi. Hakuna aliyetaja kifafa.

Miezi minane baadaye, akiwa mezani, mkono ule ule uliopooza ulianza kutikisika wenyewe. Jirani alisema hiyo ni nafuu, eti mkono unaamka. Tulifurahi! Wiki mbili hazikupita kabla ya mjomba kuanguka sebuleni, mwili mzima ukitetemeka na povu likimtoka. Mtu alikimbilia jikoni akaleta kijiko, akamtia mdomoni kwa nguvu, na jino likavunjika. Kabla ya jua kutua, wazee walikuwa wameanza kuuliza ni nani aliyemroga.

Ndugu msomaji, kisa hiki si cha ajabu. Wengi wetu hudhani kwamba kifafa ni ugonjwa wa watoto, au wa kuzaliwa nao, na kwamba mtu akishavuka miaka 60 bila kuanguka basi amesalimika. La hasha. Miongoni mwa wazee wanaoanza kuugua kifafa uzeeni, kiharusi ndicho chanzo kinachojulikana zaidi kuliko vyote.

Kiharusi huua sehemu ya ubongo kwa kuinyima damu, au kwa mshipa kupasuka na kuvujisha damu ndani. Sehemu hiyo ikipona huacha kovu, na chembechembe za ubongo zilizo kandokando ya kovu huweza kuanza kurusha umeme ovyo. Ndiyo sababu kifafa hiki huja baada ya miezi, hata miaka, wakati jamaa wamekwisha kusahau hospitali. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliovuja damu ubongoni na kwa wale ambao kiharusi kiligusa tabaka la juu la ubongo.

Madaktari hutofautisha mambo mawili hapa. Mgonjwa akitetemeka ndani ya siku saba za kwanza, ubongo ungali umevimba na kuvurugika, na kwa kawaida hilo haliitwi kifafa. Akianguka baada ya wiki hiyo, mambo hubadilika. Utafiti uliofanywa Rochester, Marekani, na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba katika watu 10 wa namna hiyo, takriban saba huanguka tena katika muda wa miaka 10. Kwa sababu hiyo, tangu maelezo mapya ya kifafa yalipokubaliwa kimataifa mnamo 2014, daktari anaweza kusema ni kifafa na kuanza tiba baada ya kuanguka mara moja tu, bila kungoja mara ya pili.

Si kila mara mtu huanguka. Mwingine hukodoa macho na kukaa kimya dakika moja au mbili, ukimwita haitiki. Mwingine mdomo huvutwa upande, au hupoteza maneno ghafla kisha yakarudi. Mzee akifanya hivyo tunasema ni uzee, na siku zinapita.

Kuna jingine linalowatatiza hata wauguzi. Baada ya kifafa, upande uliokuwa dhaifu unaweza kulegea kabisa kwa saa kadhaa, pengine hata siku moja au mbili, kisha nguvu zikarudi. Jamaa hulia kwamba kiharusi kimerudi. Huenda sicho. Lakini huenda ndicho, na hapo nyumbani hamwezi kujua. Mpelekeni hospitali upesi na mseme wazi kwamba alitetemeka kwanza. Neno hilo moja humsaidia sana daktari.

Nimewahi kuambiwa na tabibu mmoja kwamba hawataji kifafa ili wasimtie mgonjwa hofu. Nami nauliza, hofu ipi inayoshinda ile ya kumwona baba yako akigaagaa sakafuni nawe hujui la kufanya? Sidai kila aliyepata kiharusi apewe dawa za kifafa kama kinga. Wataalamu hawashauri hivyo, kwa kuwa wengi wao hawatapata kifafa kamwe. Nadai dakika tano za maelezo kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hazigharimu shilingi.

Maelezo yenyewe ni haya. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, legeza kola, weka kitu laini chini ya kichwa na uangalie saa. Usimtie kitu chochote mdomoni, usimshike kwa nguvu, usimnyweshe maji. Ikipita dakika tano, au akianza tena kabla hajazinduka, tafuta gari.

Kuhusu dawa, yafaa kuwa mwangalifu. Fenobabitoni ni ya bei nafuu na imesaidia wengi, lakini hiyo, fenitoini na kabamazepini hulifanya ini liyeyushe upesi dawa nyingine, zikiwemo wafarini ya kuzuia damu kuganda na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na mafuta ya damu. Kwa mtu aliyepata kiharusi, hilo si jambo dogo. Peleka dawa zote kliniki, hata zile za kienyeji, daktari azione kwa macho yake. Na asiache za kifafa ghafla kwa kuwa amekaa miezi bila kuanguka. Kuziacha hivyo kwaweza kuleta kifafa kisichokoma.

Shirika la Afya Duniani linasema watu hadi saba katika 10 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba ifaayo. Mjomba sasa yumo katika hao saba. Humeza tembe zake asubuhi na jioni, na ni miaka miwili tangu aanguke mara ya mwisho, ingawa shangazi hajamruhusu kuoga akiwa amefunga mlango kwa komeo.