Fundi wa WiFi, acha kuandika amri ileile mara ishirini

Kuna kazi imezaliwa mitaani kwetu miaka hii: fundi wa WiFi. Utampata Juja, Kitengela, na hata hapa Katelembo, Machakos, ambako mpangaji akiangalia nyumba anauliza maji kwanza, halafu anauliza WiFi. Fundi ndiye anapanda mlingoti, anavuta kebo, anaseti rauta. Na mara nyingi setingi zote za mtaa ziko kichwani mwake tu.

Kama ni wewe huyo fundi, au unatamani kuwa yeye, nisikize. Kichwa chako si mahali pa kuweka mtandao wa watu.

Chukua mfano wa kuunganisha laini. Kati ya rauta na swichi kuna kebo moja. Jioni watu wametoka job, kila mtu yuko kwa simu, kebo imejaa. Unaongeza ya pili, kisha unaziambia mashine zote mbili zihesabu hizo kebo kama njia moja. Moja ikikatika, nyingine inabeba. Hapa Ukambani tunaijua mwethya, kikundi cha majirani wanaochimba matuta pamoja. Mmoja akiugua, tuta bado linachimbwa. Lakini hata kwenye mwethya lazima wote wakubaliane kipimo, la sivyo kila mtu anachimba tuta lake.

Kipimo chenyewe kinaitwa LACP. IEEE waliipitisha mwaka 2000 kwa jina 802.3ad, na mwaka 2008 wakaihamishia kwenye 802.1AX. Mashine mbili hutumiana salamu kila baada ya sekunde 30, au kila sekunde 1 ukichagua mwendo wa haraka. Salamu tatu zikipotea, laini hiyo inatolewa kwenye kundi. Kebo ikichomoka kabisa, mashine inajua papo hapo. Balaa ni ile kebo ambayo taa inawaka lakini data haipiti. Hapo, setingi moja tu inaamua kama mtaa utasubiri sekunde 3 au sekunde 90.

Na tusidanganye wateja. Kebo mbili za giga 1 hazimpi mtu mmoja giga 2 kwenye download moja, kwa sababu kila mazungumzo hupitia kebo moja. Faida inaonekana watu wakiwa wengi. Tena, laini mbili kutoka kwa kampuni mbili tofauti haziingii kwenye LACP. Hiyo ni kugawa mzigo, ni mambo mengine.

Sasa piga hesabu. Una makabati 10, kila moja lina rauta na swichi. Hizo ni mashine 20. Kila mashine inataka amri kama sita: unda kundi, chagua aina, ingiza kebo ya kwanza, ya pili, weka muda wa salamu, hamisha anwani. Jumla ni amri 120, unaziandika saa nane usiku ukiwa na usingizi. Ukikosea tarakimu moja kwenye mashine ya 14, nani atajua? Atajua yule mwanafunzi anayejaza fomu ya HELB siku ya mwisho, mtandao ukimfia mkononi.

Kuna njia nyingine. Unaandika faili moja: mashine hizi hapa, kebo zake hizi hapa, muda wa salamu huu hapa. Kisha programu inaingia kwenye kila mashine na kuiweka vile faili inasema. Ansible, iliyoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012, inafanya hivyo, na ni ya bure. Ukijua Python kidogo, kuna Netmiko. Kuna hata moduli za MikroTik, zile rauta za Latvia ambazo mafundi wengi wanazijua. Ukitaka kujifunza bila kugusa rauta ya mtu, pakua GNS3 na lile toleo la bure la MikroTik CHR, ujenge mtaa wako ndani ya laptop. Hakuna anayekuuliza digrii hapo. Mimi mwenyewe niliacha chuo katikati, na hizo kurasa za mafunzo hazikuwahi kuniuliza cheti.

Najua unachowaza: nikifundisha mashine kazi yangu, bosi ataniweka wa nini? Swali ni la haki. Lakini angalia vizuri hiyo kazi unayoilinda. Setingi zikiwa kichwani mwako pekee, huwezi kwenda ushago Krismasi, huwezi kuugua, huwezi kuomba off. Hiyo si usalama wa kazi, hiyo ni kamba shingoni. Mwenye kujua kwa nini muda wa salamu uwe wa haraka bado anahitajika. Anayejua kubonyeza tu ndiye yuko hatarini, na alikuwa hatarini tangu zamani.

Ila usiniskize nusu. Skripti inabeba kosa kwa kasi ileile inayobeba kazi nzuri. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea duniani kote kwa karibu saa sita. Amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao wao wa ndani, na programu iliyopaswa kuizuia ilikuwa na hitilafu. Kama wao waliangushwa na amri moja, wewe na makabati yako kumi ni nani? Kwa hivyo hifadhi nakala kwanza. Endesha majaribio yanayoonyesha kitakachobadilika kabla hakijabadilika. Anza na mashine moja, isiwe ile inayobeba njia unayopitia wewe mwenyewe kuingia. Tumia Safe Mode ya MikroTik, inayorudisha setingi za awali ukikatika.

Na nyinyi wenye kampuni: msichukue skripti ya kijana halafu mkamfuta kazi mwezi unaofuata. Mlipeni kwa usiku alioziokoa. Mkimfukuza, mtabaki na faili ambalo hakuna anayelielewa, na huo ni ugonjwa uleule wa zamani, umevaa tu nguo mpya.

Kama una rauta mbili tu, sawa, andika kwa mkono. Lakini hata hizo mbili, weka setingi zake kwenye faili leo, kabla hujalala. Siku utakapofanya jambo lilelile mara ya tatu, faili hilo ndilo litakuwa mwanzo wa skripti yako.