Mtoto Aijua Njia, Gari Halimjui Mtoto



Mpenzi msomaji, juma hili twapenda kuzungumza juu ya kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mtoto, nacho ni taa ya mbele ya baiskeli, ile ya kuchajiwa kama simu. Huenda ukasema kwamba hayo ni mambo ya mafundi na vijana, wala si ya ukurasa wa nyumba. Sisi twaona ni ya nyumba hasa. Baiskeli inayotembea usiku imetoka mlangoni mwetu, aliyeipanda ni mwana, mume au ndugu yetu, na anayekaa macho kumngoja aghalabu ni mama.

Katika mji wa Taveta baiskeli si mchezo. Hubeba ndizi na mboga kutoka mashambani hadi sokoni, hasa Jumatano na Jumamosi; hubeba maji; huwapeleka vijana chuoni na msikitini. Nalo jua la kwetu halikawii. Mwaka mzima huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa moja giza limekwisha kutanda. Kijana anayesali Isha kwa jamaa hurudi nyumbani gizani kila siku, na mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, hurudi usiku zaidi. Anayeitikia adhana ya Alfajiri naye hukutana na giza lile lile.

Zamani barabara ya kutoka Mwatate kuja Taveta ilikuwa ya vumbi na mashimo, na magari yalikwenda yakijikokota. Mashimo yale yalikuwa adha, lakini yalimpunguzia dereva mwendo apende asipende. Leo lami imefika, alhamdulillahi, na malori yanayokwenda na kutoka Tanzania kwa njia ya Holili yapita kwa kasi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akimwona mpanda baiskeli akiwa mita 30 mbele yake, amebakiwa na muda usiotimia sekunde moja na nusu. Katika muda huo hata mguu haujakaa sawasawa juu ya breki.

Tukiwaambia vijana wetu habari hii, jibu lao ni moja: “Mimi naijua njia.” Ni kweli, waijua. Macho yao yamezoea giza, na siku za mbalamwezi huona kila jiwe. Lakini dereva anayetoka Voi hana habari nao. Macho yake yamejaa mwanga wa taa za magari anayopishana nayo, na mtu asiye na taa kwake ni sehemu ya giza. Taa ya baiskeli, basi, ina kazi mbili, kumwezesha mtoto kuona na kumwezesha mtoto kuonekana. Kazi hii ya pili ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo yenye kuokoa roho. Na hata hiyo ya kwanza si ndogo katika nchi iliyopakana na mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako tembo hutoka mbugani usiku wakaingia mashambani kwa watu.

Wapo pia wanaosema kwamba waendao msikitini gizani wamepewa bishara ya nuru Siku ya Kiyama. Bishara hiyo ni kweli nasi twaitumaini. Lakini anayevumilia giza kwa ajili ya ibada hakukatazwa kubeba taa. Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Sheria ya barabarani ya Kenya nayo yamtaka mpanda baiskeli wa usiku awe na taa mbele na alama nyekundu nyuma.

Wazee wetu walitumia dinamo, kile kichupa kilichosuguana na tairi kikazaa umeme. Ilikuwa taa isiyohitaji betri, lakini iliutia mguu uzito, na baiskeli iliposimama nayo ilizimika, hata kama mtu amesimama katikati ya njia panda. Taa za siku hizi hazina ila hiyo. Wasio na stima nyumbani huzichaji kwa sola ile ile inayochaji simu.

Ukienda dukani, usinunue kwa maandishi ya boksi. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Kwa njia yenye giza totoro, lumeni 200 hadi 400 zatosha kabisa. Taa ndogo ya bei ya chini iliyoandikwa lumeni 10,000 imeandikwa uongo. Vivyo hivyo betri. Nyingi za taa hizi hutumia betri ya mviringo iitwayo 18650, na iliyo bora haizidi sana 3,500 kwa kile kipimo cha mAh. Ukiona imeandikwa 9,900, jua unadanganywa. Wahenga walisema rahisi haikosi ila. Muulize muuzaji taa hukaa saa ngapi ikiwa na mwanga wa kati, kwa maana taa ndogo nyingi zikiwashwa kwa nguvu zote hukaa saa moja au mbili tu. Iwe yastahimili mvua, na mkanda wake uushike usukani barabara, usiteleze penye matuta.

Ikisha kununuliwa, ifungwe vizuri. Taa yapasa kuinama kidogo, kiini cha mwanga kiangukie ardhini kama mita 10 mbele ya gurudumu. Hili mama waweza kulipima mwenyewe uani: simama mbele ya baiskeli hatua kumi na tano, na ikiwa yakubidi ufumbe macho, iteremshwe. Mwanga unaompofusha anayekuja huweza kumfanya akuvamie, nasi hatukuruhusiwa kujilinda kwa kumdhuru mwenzetu. Kikapu au mkungu wa ndizi usiizibe taa. Tena simu iliyoshikwa mkononi haiwi badala yake, kwani mkono unaoshika simu haushiki breki.

Sasa twaja kwenye jambo linalotuhusu sana sisi wenye nyumba, nalo ni kuchaji. Betri hizi huhifadhi nguvu nyingi mahali padogo, na ikiharibika au ikichajiwa vibaya huweza kuwaka moto. Mtume (S.A.W.) aliagiza taa zizimwe watu wanapolala, akaeleza kwamba panya huweza kuuvuta utambi akawachomea watu nyumba. Utambi umeondoka, hekima imebaki. Taa ichajiwe mchana, kwa mfano kati ya Adhuhuri na Alasiri, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro, chandarua na pazia, na mtu akiwa macho. Ikijaa, ichomolewe. Ikivimba, ikitoa harufu, au ikiwa moto mno hata haishikiki, isitumike tena, wala asipewe mtoto kuichezea.

Tusidhani pia kwamba taa ya mbele yamaliza kila kitu. Lori linalokuja nyuma haliioni. Nyuma ya baiskeli pawe na taa nyekundu au walau kioo chekundu cha kuakisi, kisafishwe matope kila mara. Na sisi wanawake tutembeao kando ya barabara baada ya Magharibi tukumbuke kwamba kanzu nyeupe huonekana kwa mbali, lakini buibui jeusi humezwa na usiku. Kurunzi ndogo mkononi, ikimulika chini, yatosha kumjulisha dereva kwamba hapo pana mtu.

Ushauri wetu ni kwamba kila nyumba iwe na kanuni yake: baada ya jua kuzama, baiskeli haivuki kizingiti bila taa, awe anayeipanda ni mtoto au ni baba mwenyewe. Fedha yake iwekwe kidogo kidogo, kama tuwekavyo ya nguo za Idi. Na jioni, kabla kijana hajatoka, mama aiwashe kwa mkono wake, aone yawaka, ndipo amwombee dua ya safari.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu waendapo na warudipo. Amin.