Aliyepima Asione Naye Amefanya Kazi

Mwezi Agosti mwaka 1995 wanasayansi wa Kanada, wakiongozwa na Gordon Walker, walichapisha matokeo ya kazi iliyowachukua miaka kumi na miwili. Walikuwa wamezipima nyota 21 kwa darubini kubwa iliyo juu ya mlima wa Mauna Kea, kisiwani Hawaii, wakitafuta sayari zinazozizunguka. Jibu lao lilikuwa fupi: hatukuona sayari kubwa hata moja. Tarehe 6 Oktoba mwaka huo huo, katika mkutano mjini Florence nchini Italia, Michel Mayor na Didier Queloz wa Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza kwamba wameiona sayari inayoizunguka nyota ya 51 Pegasi, nyota inayofanana na Jua letu na iliyo umbali wa miaka ya nuru 50 hivi. Mwaka 2019 wawili hao walipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hao wa Kanada leo hawatajwi sana nje ya fani yao.

Makala haya hayana nia ya kuwapunguzia Mayor na Queloz sifa yao; wanaistahili. Nia yake ni kuuliza swali linalomhusu kila anayepima kazi ya mwenzake, awe mwalimu mbele ya daftari la mwanafunzi au mkuu wa idara mbele ya ripoti ya mtumishi. Je, tunaipima kazi kwa jinsi ilivyofanywa, au kwa uzuri wa habari inayoletwa?

Kwanza yafaa tuelewe ugumu wa kazi yenyewe. Sayari haina nuru yake, nayo ikikaa karibu na nyota humezwa na mwanga wa nyota hiyo, hata darubini isiweze kuipambanua. Kwa hiyo mtafiti huiacha sayari na kuichunguza nyota. Sayari inapoizunguka nyota, nayo huivuta nyota hiyo kidogo, ikaiyumbisha huku na huku, kama mtu mzima anayemzungusha mtoto kwa mikono naye akajikuta anapepesuka. Nyota inayotukaribia, rangi za nuru yake husogea kidogo upande wa buluu. Inayotuondokea, husogea upande wa wekundu. Walimu wa fizikia huifundisha kanuni hii kwa mfano wa honi: gari linalokuja hutoa sauti nyembamba, na likishapita sauti hugeuka nene.

Taabu iko katika udogo wa mayumbo hayo. Mshtarii, iliyo kubwa kuliko sayari zote za Jua letu, huliyumbisha Jua kwa mwendo wa mita 12 hivi kwa sekunde, tena kwa mzunguko unaochukua karibu miaka 12. Dunia yetu hulitikisa Jua kwa sentimita 9 tu kwa sekunde. Mtoto anayetambaa huenda upesi kuliko hapo. Atakaye kuupima mwendo kama huo, tena katika nyota iliyo mbali hivyo, hana budi kwanza kuunda chombo ambacho hakijapata kuwako.

Walker na mwenzake Bruce Campbell walikiunda chombo chao mwishoni mwa miaka ya 1970. Waliipitisha nuru ya nyota ndani ya gesi ya haidrojeni floraidi, ambayo ni sumu kali, ili gesi hiyo iache alama zake katika nuru na ziwe rula ya kupimia. Kwa rula hiyo waliweza kutambua mayumbo ya mita zipatazo 13 kwa sekunde. Walipewa masiku machache tu kila mwaka ya kuitumia darubini. Mwaka 1988 walitoa habari kwamba nyota kadhaa zina dalili, miongoni mwao nyota iitwayo Gamma Cephei. Mwaka 1992, baada ya kupima zaidi, wakaona kwamba dalili ya nyota hiyo yaweza kuwa imetokana na mzunguko wa nyota yenyewe, nao wakayasema hayo hadharani. Campbell hakuwapo tena katika fani. Mwaka 1991, baada ya miaka mingi ya kazi bila kupata ajira ya kudumu, alikuwa ameiacha elimu ya nyota na kwenda zake.

Wengi wetu tukisoma habari za wagunduzi hukimbilia kusema kwamba mvumilivu hula mbivu. Campbell alivumilia, wala mbivu hakuzila. Basi methali hiyo peke yake haitoshi kutueleza kilichotokea.

Tumtazame Mayor. Alipata shahada yake ya udaktari mwaka 1971 kwa utafiti uliohusu mikono ya makundi makubwa ya nyota, jambo lililo mbali kabisa na sayari. Utafiti huo ulimfanya ahitaji kupima mwendo wa nyota kwa usahihi zaidi, na haja hiyo ikamgeuza kuwa muundaji wa vyombo. Mwaka 1977, akishirikiana na Mfaransa André Baranne, alianza kutumia chombo kiitwacho CORAVEL, kilichopima mwendo wa nyota kwa usahihi wa mita 300 hivi kwa sekunde. Kwa chombo hicho alitumia miaka mingi kuzichunguza nyota zinazokwenda mbili mbili. Kisha kikaundwa chombo kingine, ELODIE, kilichofikia mita 13 kwa sekunde. Mwezi Aprili mwaka 1994, yeye na mwanafunzi wake Queloz wakaanza kuzipima nyota 142.

Yafaa watumishi wa umma wazingatie mambo mawili hapa. La kwanza, darubini waliyoitumia, iliyoko Haute-Provence kusini mwa Ufaransa, ilikuwa imeanza kazi mwaka 1958. Kioo chake kina upana wa mita 1.93, na wakati huo zilikuwapo darubini kubwa kuliko hiyo mahali pengi. Kilichokuwa kipya ni chombo kilichofungwa nyuma yake. La pili, Mayor alikuwa na chuo kilichomwacha afanye kazi kwa zaidi ya miaka ishirini, akitoka chombo hiki kwenda kile, bila kudaiwa sayari kila mwisho wa mwaka. Tofauti yake na Campbell haikuwa ya akili wala bidii. Mmoja alikuwa na mahali pa kukaa, mwingine hakuwa napo.

Mwishoni mwa mwaka 1994 Queloz, aliyeachwa na kazi wakati mwalimu wake yuko likizo ya utafiti Hawaii, aliona kwamba mwendo wa 51 Pegasi unabadilika kwa mizunguko ya siku nne na robo hivi. Jambo la kwanza alilolishuku ni kazi yake mwenyewe, kwa kuwa elimu ya siku hizo ilisema kwamba sayari kubwa huumbika mbali na nyota, mahali penye baridi ya kugandisha maji, na kwa hiyo mzunguko wake sharti uchukue miaka kadhaa. Sayari yenye angalau nusu ya uzito wa Mshtarii kuizunguka nyota yake kwa siku nne ilikuwa habari ya ajabu. Mwalimu na mwanafunzi hawakukimbilia magazetini. Walingoja hadi Julai 1995, nyota hiyo iliporudi katika anga ya usiku, wakaipima tena, nayo ikafuata hesabu yao.

Walikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka 1963 Peter van de Kamp, mtaalamu mwenye heshima nchini Marekani, alitangaza kwamba nyota ya Barnard inayo sayari. Mwaka 1973 ikaonekana kuwa wengine hawaioni, na kwamba sehemu ya mayumbo yake ililingana na nyakati lenzi ya darubini yake iliposhughulikiwa. Tangu hapo wanaotafuta sayari walitazamwa kwa jicho la shaka, na Walker na Campbell walifanya kazi yao chini ya jicho hilo.

Jambo jingine la kufikirisha ni hili. Mwaka 1952 Otto Struve aliandika makala mafupi akisema kwamba hapana sababu sayari kubwa isikae karibu kabisa na nyota yake, na kwamba ikiwako hivyo yaweza kupimwa. Hakuna aliyeufuata ushauri huo kwa miaka arobaini. Wamarekani Geoffrey Marcy na Paul Butler walikuwa wakikusanya vipimo tangu mwaka 1987. Waliposikia habari ya Florence, waliithibitisha katika muda wa siku chache, kisha wakarudi kuzipekua kumbukumbu zao, na Januari 1996 wakatangaza sayari mbili nyingine. Hivyo vipimo vya kuzionyesha sayari vilikuwa vimekwisha kukusanywa kabla ya mtu kuvipekua. Binadamu huchelewa kukitafuta kitu mahali ambapo amekwisha kuambiwa hakipo.

Sasa turudi kwa wale wa Kanada. Tangu mwaka 1995 nyota nyingi mno zimepimwa, na imejulikana kwamba sayari kubwa zilizo karibu kabisa na nyota kama Jua ni chache: katika nyota mia moja huenda ukaipata moja, au usiipate. Mwenye kupima nyota 21 ana haki ya kutoka mikono mitupu. 51 Pegasi haikuwamo katika orodha yao. Basi "hapana" yao ilikuwa kweli, nayo ilikuwa elimu, kwa kuwa iliwaonyesha waliofuata kwamba hawana budi kupima nyota nyingi zaidi. Ama ile Gamma Cephei waliyoitilia shaka wao wenyewe, mwaka 2003 ilithibitishwa kwamba sayari ipo, na mzunguko wake ni wa miaka miwili na nusu hivi.

Yuko atakayeuliza: nyota za mbali zina faida gani kwa mtu anayehitaji dawa na barabara? Swali ni la haki, wala halijibiwi kwa kudharau. Sayari hizo hazitamletea mtu chakula. Lakini namna ya kuzitafuta, yaani kupima, kuandika ulichokiona, kukishuku, kisha kupima tena mbele ya wenzako, ndiyo namna hiyo hiyo inayohitajiwa na mganga anayejaribu dawa na mhandisi anayejenga barabara. Taifa likizoea kudanganya katika jambo moja halitakuwa kweli katika jingine.

Hapo ndipo mwalimu anapoguswa. Katika maabara zetu yuko mwanafunzi anayepima, akaona jibu lake halifanani na la kitabu, akalifuta na kuandika la kitabu. Tukimpa alama zote, tumemfundisha kwamba macho yake hayana kazi. Mwenzake aliyeandika alichokiona, akaeleza alivyokipata, tukimnyima alama, tumemfukuza Queloz darasani. Mwalimu na asahihishe njia kwanza, jibu baadaye.

Na mkuu wa idara naye ana lake. Ripoti isemayo "tumepima, tatizo hatukulimaliza, na sababu ni hizi" ina thamani kubwa kuliko ripoti kumi zisemazo kwamba malengo yote yamefikiwa. Anayeadhibiwa kwa ripoti ya kwanza ataleta ya pili mwaka ujao, na wakubwa wake wataendelea kuamua mambo ya wananchi kwa tarakimu zisizokuwapo. Aidha, mtaalamu anayehitaji miaka kumi asipewe mkataba wa miezi sita kisha akalaumiwa kwa kutokuvuna.

Mwezi Septemba mwaka 2025 hesabu ya sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wa Jua letu ilivuka 6,000. Katika hesabu hiyo Gamma Cephei imo. Aliyeiona dalili yake mapema alikuwa amekwisha kuiacha fani kwa kukosa nafasi ya kazi, na hasara hiyo si yake peke yake. Tunaoketi katika viti vya kuwapima wengine tujihadhari tusiipate hasara kama hiyo kwetu, tena bila hata kujua kwamba tumeipata.