Kadi haijafa, njia imefungwa

Mwezi uliopita mhudumu wa mapokezi wa zahanati moja ya binafsi hapa Kitete, Tabora, aliingia kibandani kwangu amekumbatia kompyuta mpakato ya kazini. "Dada fundi," akaniambia hata kabla hajakaa, "wamesema kadi ya mtandao imekufa." Aliyesema hivyo alikuwa fundi mwenzangu. Alimpa bei mbili: shilingi 20,000 za kupiga windo, na 45,000 za kadi ya nje ya kuchomeka kwenye USB. Kwa siku tatu wagonjwa walikuwa wanaandikwa kwenye daftari, na jioni dada wa watu anabaki ofisini kunakili majina yote kwenye kompyuta ya mhasibu.

Kompyuta ile ilikuwa na mfumo wa Linux. Kupiga windo maana yake ni kufuta kila kitu kilichomo na kuweka mfumo mwingine, kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuna aliyeupima. Ndiyo desturi yetu mafundi wa mjini siku hizi, na mimi nasema hadharani kwamba ni desturi mbaya. Mteja analipia dawa kabla ya kipimo.

Nilichomeka waya wangu. Pembeni ya tundu la waya kuna vitaa viwili vidogo, na vyote vikawaka. Nikaandika amri ya lspci -nnk, ambayo huorodhesha vifaa vilivyo ndani ya mashine na draiva inayokiendesha kila kimoja. Kadi ilikuwepo, na draiva yake ikiwa kazini. Nikaiuliza amri nyingine, ethtool, ikajibu kwamba njia imeshikwa kwa kasi ya megabiti 1000. Yote hayo hayakuchukua hata dakika tano. Kadi iliyokufa haifanyi hivyo.

Tukafunga kibanda, tukaenda zahanati. Pale, kwenye waya wao, vitaa vilikuwa vinawaka na kuzima, vinawaka na kuzima. Nikafungua dmesg, yaani shajara ambamo Linux huandika kila linaloisibu, na humo kulikuwa na mistari miwili inayopokezana ukurasa mzima: njia imeshika, njia imekatika. Mashine ilikuwa inalia siku tatu nzima na hakuna aliyeisikiliza.

Nikaiamuru kadi ipunguze kasi hadi megabiti 100. Vitaa vikatulia. Hapo nikajua pa kutafuta, kwa sababu waya wa mtandao una nyuzi nane ndani yake, na kasi ya 100 inatumia nne tu, za rangi ya chungwa na kijani. Kasi ya 1000 inazitaka zote nane. Basi kosa lilikuwa kwenye bluu au kahawia. Nilipokivuta kichwa cha plastiki cha waya ukutani, uzi wa kahawia ulikuwa umekatika pale unapoingia, unagusa na kuachia kila meza inaposogezwa. Ulikuwa ule waya wa bei rahisi, alumini iliyopakwa shaba, ambao ukikunjwa mara chache tu umekwisha. Nikakata ncha, nikazinyoosha nyuzi kwa kucha: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Nikazisukuma hadi nikaona shaba nane zimefika mwisho wa kichwa kipya, ndipo nikaminya koleo.

Sisi wa Tabora tungepaswa kulielewa jambo hili, kwamba njia kufungwa si kifo, kuliko wengine. Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa mmisionari Livingstone. Mwaka 1871 barua na mizigo yake vilikuwa vimekwama hapa Unyanyembe, naye yuko Ujiji hana kitu, na huko Ulaya habari za kifo chake zilikuwa zimekwisha kuvuma. Hakuwa amekufa. Vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya kwenda Ujiji. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta, alilazimika kuzungukia kusini ndipo akamfikia mwezi Novemba. Wenye misafara walijua vituo vyao kimoja kimoja kutoka Bagamoyo, na mzigo usipofika ungeanza kwa kuuliza umeonekana mara ya mwisho kituo gani. Waya nao una vituo: ukuta, kichwa, tundu, kadi, draiva, anwani. Uulize kwa mpangilio huo.

Kadi hufa, sikatai. Masika yetu yana radi kali, na waya uliovutwa kutoka jengo moja hadi jingine huleta mshtuko moja kwa moja kwenye tundu. Hapo utaona lspci haionyeshi kadi tena, au kadi inatajwa lakini vitaa haviwaki hata kwa waya mzima. Na iko kompyuta yenye mifumo miwili ambayo Windows huiacha kadi imelala. Hiyo izime kabisa, toa betri kama inatoka, kisha iwashe. Kadi mpya inunuliwe baada ya hayo, na sababu yake iandikwe.

Iandikwe, nasisitiza. Kila ofisi, shule na zahanati idai karatasi moja kutoka kwa fundi kabla ya kutoa hela: vitaa vilisemaje, mashine ilisemaje, alijaribu waya gani mwingine. Na iwe kwa Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, kwa hiyo hakuna mtu wa kuniambia kwamba lugha yetu haiwezi kazi hii. Shajara ya Linux imeandikwa kwa Kiingereza, na dada wa mapokezi alikuwa ameiona ile mistari akadhani ni matusi ya mashine. Kumfasiria ni sehemu ya ujira wangu. Vijana wanaosomea kompyuta vyuoni nao wapewe mashine zenye Linux na nyaya mbovu za makusudi, waambiwe wasifute kitu mpaka waeleze kosa liko kituo gani.

Siku ile niliondoka nimebandika karatasi juu ya lile tundu la ukutani: taa zimetulia, njia iko wazi; zinazima na kuwaka zote pamoja, tikisa kichwa cha waya; zimezima zote, jaribu waya wa akiba ulio kwenye droo. Juzi alinipigia simu kama saa mbili asubuhi. "Dada fundi, zilizima zote. Nimeweka ule wa kwenye droo, zimewaka." Nyuma yake nilisikia mzee anataja jina lake na kijiji alichotoka, taratibu, ili aandikwe.